UZI: Filta ya mchanga, dawa ya maji, kuchemsha, jua... kwa maji ya vijijini huku Nyanda za Juu Kusini kipi kinadumu?

#1 Fundi wa Umalila (mleta uzi)

Wakuu kwema humu. Mi ni fundi ujenzi, niko Umalila huku juu ya Mbalizi, na huu mwaka wa tatu sasa mbali na kujenga nyumba za watu natengeneza filta za maji za mchanga. Kila mtu akiuliza habari ya maji salama naona anajibiwa kwa mkato tu, "chemsha" au "weka dawa", imeisha hiyo. Naomba nieleze nilichokiona kwa macho yangu alafu na nyie mlioko Makete, Kilolo, Usangu na Kyela mseme ya kwenu maana maji yetu hayafanani kabisa.

Nilianzaje. Ilikuwa mwezi wa pili mvua zimekolea, mpwa wangu, mtoto wa dada, ana mwaka na miezi minne, akaanza kuharisha. Siku ya pili macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi. Tulimbeba usiku kwa pikipiki mpaka zahanati, mvua juu yetu, mimi nimemfunika na koti la mvua. Alipona, namshukuru Mungu, walimpa ORS na zinki. Ila kilichoniumiza ni kwamba dada yangu maji ya kunywa alikuwa anachemsha. Kweli anachemsha, nimemuona mara nyingi, anaamka saa kumi na moja alfajiri anainjika sufuria, yakitokota anaepua, yakipoa anamimina kwenye ndoo nyeupe anafunika.

Tuliporudi nikakaa pale jikoni nikawa naiangalia ile ndoo. Juu ya mfuniko kuna kikombe cha plastiki cha bluu. Mtoto mkubwa katoka kucheza, kafunua, kachovya kikombe na mkono mpaka kwenye kifundo, kanywa, karudisha kikombe juu ya mfuniko, kaondoka. Kuku akapita hapo hapo. Akaja jirani naye kachota. Akaja shemeji katoka kupalilia viazi, mikono ina udongo, kachota. Ndani ya saa moja nimehesabu mikono minne. Yaani kuni zimeungua, moshi dada kavuta, alafu maji yamechafuliwa nyumbani kwenye ndoo safi yenye mfuniko.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichofanya haikuwa filta. Nilinunua koki ya plastiki Mbalizi, nikatoboa ile ndoo kwa msumari wa moto nikafunga koki na washa mbili za mpira. Nusu saa kazi imeisha. Mtu yeyote anayesoma huu uzi na hana hela ya kitu kingine chochote, aanze na hiyo.

Filta ilikuja baadae. Kuna shirika moja lilishawahi kuleta filta za zege kijiji cha jirani, walishusha na lori, wakafundisha siku moja wakaondoka. Nilipoenda kuziangalia nyingi zilikuwa kavu, moja inafugiwa sungura, nyingine imepandwa maua. Ila kulikuwa na bibi mmoja ya kwake inatiririka mpaka leo, na yeye aliniambia "mwanangu hii kitu inataka kunyweshwa kila siku kama ng'ombe". Nikaipima, nikachora, nikaenda kwa mchomeleaji nikatengenezewa kalibu la chuma.

Inavyofanya kazi: ni sanduku la zege la kwenda juu kama mita moja kasoro, ndani chini kuna kokoto, juu yake kokoto ndogo, juu yake mchanga laini uliooshwa kama nusu mita. Bomba jembamba linaanzia chini ndani ya zege linapanda mpaka juu kidogo ya usawa wa mchanga ndo linatoka nje. Hapo ndo akili ya kitu chote ilipo. Kwa sababu bomba linatokea juu, maji hayawezi kuisha ndani, yanabaki yamesimama kama sentimita 5 juu ya mchanga wakati wote. Kwenye ule mchanga wa juu, baada ya wiki mbili tatu mpaka mwezi, unaota utando, vijidudu visivyo na madhara kwetu, na hivyo ndo vinakula vile vinavyotuumiza. Maji yakiwa ya sentimita 5 hewa inafika chini vinapumua. Yakiwa marefu vinakosa hewa, yakikauka vinakufa. Aliyeibuni ni profesa wa Calgary kule Kanada, David Manz, miaka ya tisini mwanzoni, alichukua filta kubwa za mchanga za mijini akazifanya ziingie jikoni.

Sasa makosa niliyofanya ili nyie msiyarudie. Filta yangu ya kwanza nilichekecha mchanga kwa wavu wa dirisha, ule wa mbu. Ikatoa maji kwa kasi nikafurahi, lita moja kwa dakika moja na kidogo. Kumbe hapo nimefeli. Filta ikiwa imejazwa mpaka juu, lita moja inatakiwa ichukue dakika mbili na nusu au zaidi. Ikienda haraka maji yanapita tu hayajachujwa, maana yake mchanga ni mkubwa. Ilibidi nitafute wavu wenye vitundu chini ya milimita moja, nikatoa mchanga wote nikaanza upya. Na mchanga wetu huku una vipande vyepesi vya yale mawe ya volkano yanayoelea, ukiosha kwenye beseni vinapanda juu kama makapi, hivyo vyote mwaga.

Swali langu kwenu: huko kwenu mnatumia nini, na kimedumu muda gani? Sitaki kujua nini kizuri kwenye karatasi, nataka kujua nini mama anaweza kukifanya siku mbaya, siku ya mwezi wa saba kuni mbichi na mtoto analia.

#2 Baridi Kali

Mkuu umegusa penyewe. Mi niko Makete. Huku tulifundishwa njia ya chupa na jua, unajaza maji chupa ya plastiki angavu unalaza juu ya bati masaa sita. Ukiwa na jua inafanya kazi na haina gharama yoyote. Sasa njoo Makete mwezi wa sita uone hilo jua, ukungu unafunguka saa tano saa tisa umerudi. Tuliambiwa kukiwa na mawingu iache siku mbili mfululizo. Nyumba ya watu saba, chupa za lita moja na nusu, siku mbili, hesabu mwenyewe unahitaji chupa ngapi juu ya bati na upepo wa huku unavyovuma. Mke wangu alijitahidi miezi miwili, sikumlaumu alipoacha.

Tena kipindi cha mvua maji yakiwa na tope jua halipenyi. Walitupa kipimo kimoja kizuri, unaweka chupa juu ya gazeti, ukitazama toka juu ukashindwa kusoma maandishi makubwa basi usiilaze juani, chuja kwanza.

Swali, je hiyo filta ukiibeba kwa gari mpaka huku itafika nzima? Na bei gani?

#3 Nesi wa Zamu

Habari zenu. Nafanya kazi kituo cha afya, sitasema wapi. Niweke sawa jambo moja maana naulizwa kila siku na wamama: "nesi, si huku mlimani maji yanachemka haraka, basi hayaui vijidudu?" Ni kweli ukiwa mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100. Lakini vijidudu vya kuhara, vya taifodi, vya kipindupindu, amiba, vyote vinakufa hata kabla ya hapo, maji yakishapita nyuzi 70 kazi imeanza. Kwa hiyo kuchemsha huku juu kunatosha kabisa, yaache yatokote kweli kweli, na kama unaishi juu sana yape dakika tatu. Asije mtu akaacha kuchemsha kwa maneno ya mtaani.

Shida ya kuchemsha ni kuni. Mama akiwa na kuni za kupikia ugali na maharage tu, maji ndo yanakuwa ya kwanza kuachwa, na sina moyo wa kumgombeza.

Dawa ya maji, yaani klorini. Vidonge vingi vinavyouzwa madukani kimoja ni cha lita 20 lakini vipo vya ukubwa tofauti kwa hiyo soma pakiti, usimeze na usikadirie kwa macho. Weka, koroga, funika, subiri nusu saa. Uzuri wa dawa ni kwamba inabaki kwenye maji inalinda hata mkono mchafu ukiingia kidogo, kitu ambacho kuchemsha hakifanyi. Ubaya wake kwenye maji ya tope inaliwa na tope kabla haijafika kwa kijidudu, ndo maana tunasema yachuje kwanza na uongeze dozi mara mbili kama pakiti inavyoelekeza.

Kuna kingine ambacho watu hawakisemi. Kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, kina ganda gumu, klorini ya dozi ya nyumbani haikigusi. Mtu mwenye kinga nzuri ataharisha wiki mbili atapona. Lakini mikoa yetu hii ndo inaongoza kwa VVU, kwenye ule utafiti wa kitaifa wa 2016/2017 Njombe na Iringa zilikuwa juu ya asilimia 11 na Mbeya juu ya 9. Mgonjwa ambaye kinga imeshuka, huyo kijidudu anamkondesha mpaka anaisha. Kwa nyumba yenye mgonjwa namna hiyo mi siwezi kumwambia mtu dawa peke yake inatosha. Achemshe, au achuje kwa mchanga alafu aweke dawa.

#4 Fundi wa Umalila (mleta uzi)

> Nesi wa Zamu amesema: achuje kwa mchanga alafu aweke dawa

Nesi asante sana, na hapo hapo nipigilie msumari. DAWA INAWEKWA KWENYE NDOO YA CHINI, SIO JUU YA FILTA. Kuna mama mmoja nilimfungia filta, akaambiwa na mtu aweke dawa ya maji, akaimimina juu kwenye mchanga kila siku. Klorini haichagui, ikaua utando wote. Nilipoenda nikakuta mchanga unanukia kama bwawa la kuogelea. Ilibidi aache dawa ya juu kabisa na asubiri tena mwezi, na muda wote huo akawa anatia dawa chini.

Baridi Kali, kubeba sikushauri. Sanduku tupu linafika kilo 70 na kitu, likishafungwa na mchanga ndo halisogezwi tena, ukilitikisa tabaka zinachanganyika. Za lile shirika nyingi zilikufa hivyo, watu walihamisha nyumba wakabeba na filta. Bora kalibu lije Makete utengeneze huko huko. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 natoa karibu filta tatu. Mi nauza elfu sitini nikiwa nimeweka na ndoo ya koki, na mwenye shida nakubali alipe kwa viazi.

#5 Mkulima wa Mpunga

Wakuu mimi Usangu. Nyie mnalia na maji ya baridi ya mlimani sisi huku ni maji ya mfereji, yameshapita kwenye majaruba ya watu kibao, rangi kama chai ya maziwa. Filta ya mchanga ukimwagia maji hayo inaziba ndani ya siku tatu nne.

Bibi zetu walikuwa na njia ya mlonge na mimi nimerudi kwenye hiyo. Mlonge huku kwenye joto unaota vizuri, sijui kama huko Makete utaota. Unachukua mbegu zilizokaukia mtini, unamenya lile ganda mpaka ubaki na punje nyeupe, unatwanga, unga wake unaukoroga na maji safi kidogo kwenye chupa unatikisa dakika tano, unachuja kwa kitambaa ule weupe ndo unamimina kwenye ndoo. Maji ya tope zito kabisa napiga mbegu moja kwa lita, yaani ndoo ya lita 20 mbegu ishirini, yakiwa na tope kiasi napunguza nusu. Unakoroga haraka dakika moja, alafu polepole kama unakoroga uji wa mgonjwa dakika tano mpaka kumi. Unaona tope linaanza kushikana vipande vipande kama maziwa yanayoganda. Unaacha saa moja mpaka mbili bila kugusa. Chini inakaa tope, juu maji meupe.

Ila meupe sio salama! Vijidudu vingi vinashuka na tope lakini sio vyote. Na yale maji ukiyaweka zaidi ya siku moja yanaanza kunuka kwa sababu kuna chakula cha mbegu ndani. Kwahiyo nayatoa kwa juu, naweka dawa, tunakunywa siku hiyo hiyo.

Kitu kingine cha huku ni kichocho. Maji ya mfereji ukiyafunika yakakaa siku mbili, wale wadudu wa kichocho wanakufa wenyewe, hawana uwezo wa kuishi zaidi ya hapo bila kupata mtu. Sisi maji ya kuoga watoto tunaweka kwenye pipa siku mbili kabla. Haigharimu hata shilingi, ni kuwa na mapipa mawili tu unapokezana.

#6 Kamwene

Kamweneee wadau. Nawasoma toka Kilolo. Naomba niseme kwa uchungu kidogo. Mnajadili mambo ya jikoni vizuri sana lakini kwa nini maji yaje jikoni yakiwa machafu? Nyanda za juu tumejaliwa chemchemi, miradi yetu mingi ni ya mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu wala umeme. Toka mpango wa 1971 serikali iliahidi kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, wakaja DANIDA, shirika la misaada la Denmark, miaka ya themanini wakachimba mabomba Iringa, Mbeya na Ruvuma, sasa hivi tuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, toka 2019. Mabomba yapo. Kinachotuangusha ni chanzo na tenki.

Mi nimekuwa mwenyekiti wa chombo chetu cha watumia maji. Nilipoingia nilipanda mpaka kwenye chanzo. Nikakuta vinyungu, zile bustani za bondeni, vimesogea mpaka hatua kumi toka kwenye kitekeo, pale bomba linapochukulia maji, mtu kalima kabichi, kaweka samadi ya ng'ombe, na bomba la kupulizia dawa analioshea kwenye maji tunayokunywa vijiji vitatu. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema shughuli kama hizo zikae mita 60 toka kwenye chanzo. Hatukumpeleka mtu polisi. Tulikaa naye, tukampa eneo lingine la kinyungu bondeni chini ya chanzo, tukachimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni, tukazungushia uzio, mikaratusi tukakata tukapanda miti ya asili. Viuatilifu ndugu zangu haviondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini, dawa ya kiuatilifu ni kutokifikisha kwenye maji.

Alafu tenki. Letu ni la lita 10,000. Tunatumia klorini ya unga ya asilimia 65. Wengi wanaogopa hesabu, mbona rahisi. Tunataka miligramu 2 kwa kila lita. Lita 10,000 mara 2 ni miligramu 20,000, yaani gramu 20 za klorini yenyewe. Unga wetu una asilimia 65 tu, kwahiyo 20 gawanya kwa 0.65, unapata kama gramu 31. Gramu 31 kwa tenki zima! Tulinunua mzani mdogo wa dukani. Unga unawekwa kwenye ndoo ya maji, sio maji juu ya unga, unavaa glavu na barakoa, unaacha mashapo ya chokaa yatulie chini, maji ya juu ndo yanaingia tenkini. Nusu saa baadae tunaenda kwenye kituo cha mwisho kabisa cha kuchotea kupima, tunataka klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa chini tunaongeza kidogo kesho yake, ikiwa juu tunapunguza, maana watu wakisikia harufu kali watarudi mtoni.

#7 Mpita Njia wa Uyole

Samahani kuuliza, hivi kweli mchanga tu unaweza kuzuia kipindupindu? Kile cha 2015 kilianzia Dar kikasambaa karibu mikoa yote, watu walikufa. Naona kama mnacheza na maisha ya watu na kokoto.

#8 Fundi wa Umalila (mleta uzi)

Mkuu wala hujakosea kuuliza, hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Soma habari ya Hamburg, Ujerumani, 1892. Hamburg na mji wa Altona walikuwa wamebanana, wote wanachota mto mmoja, Elbe. Altona ndo walikuwa upande wa chini, wanachota maji ambayo taka za Hamburg zimeshaingia. Ila Altona walikuwa na mabwawa ya mchanga, maji yanashuka taratibu, Hamburg walikuwa wanasambaza maji ya mto hivyo hivyo. Kipindupindu kikaja. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona wachache. Kulikuwa na mtaa uko mpakani, upande huu wa barabara wanaumwa upande ule hawaumwi, tofauti ni bomba tu. Na mchanga ulikuwa unatumika London toka 1829.

Ila sikudanganyi kwamba ni asilimia mia. Filta iliyokomaa inakamata bakteria wengi sana na wale wadudu wakubwa kama amiba karibu wote, na hao wenye ganda aliowasema nesi. Virusi vinaponyoka zaidi kwa sababu ni vidogo mno. Ndo maana dawa kidogo kwenye ndoo ya chini naisisitiza, hasa kukiwa na mlipuko. Na maji yakishakuwa masafi dawa inayohitajika ni ndogo na haisumbui ladha.

Bwana afya wa kata yetu alinipa vile vichupa vya kupimia, unajaza maji unakiweka sehemu ya joto siku moja mbili, kikigeuka cheusi kuna uchafu wa choo. Niliweka vitatu dirishani kwa dada: maji ya mtoni, maji ya filta, na maji ya kwenye ndoo ya koki yenye dawa. Cha mto kilikuwa cheusi kama masizi kabla ya siku kuisha. Cha filta siku ya pili kikawa na kijivu kidogo chini. Cha ndoo kikabaki kama kilivyo. Dada alivikalisha hapo wiki nzima anawaonyesha majirani, na hapo ndo wateja walipoanza kuja, maneno yangu yote ya mwanzo hayakuwa yamemshawishi mtu.

#9 Mwana wa Ziwa

Ndaga fijo mleta uzi. Mimi Kyela, huku ni tambarare, visima vifupi, mvua za mwezi wa nne zikija choo na kisima vinakuwa kitu kimoja. Maji yakishuka tunasafisha kisima kwa klorini, lakini watu wanaanza kuchota kesho yake asubuhi hawasubiri.

Nina wazo nataka mnisaidie. Kule Ikombe wamama wa Kikisi wanafinyanga vyungu toka enzi, Jumamosi wanaleta mnadani Lyulilo pale Matema, vyungu vizuri sana. Nimesoma kwamba kuna filta za udongo, zilianzia Guatemala 1981, unachanganya udongo na vumbi la mbao au pumba, ukichoma zile pumba zinaungua zinaacha vitundu vidogo maji yanapenya vijidudu vinabaki. Wanapaka na dawa yenye madini ya fedha (silver). Inatoa lita moja mpaka tatu kwa saa. Sasa udongo tunao, mafundi tunao, pumba za mpunga Kyela zimejaa. Kwa nini tusiwaambie wale mama zetu?

Angalizo tu, chungu cha kawaida cha maji hakichuji. Kinapooza. Nasema kwa sababu mama mkubwa wangu anaamini maji ya mtungini ni dawa.

#10 Nesi wa Zamu

Mwana wa Ziwa wazo zuri, ila vyungu hivyo lazima kila kimoja kipimwe kasi ya maji kabla ya kuuzwa, maana ufa mdogo usioonekana unapitisha kila kitu. Na moto wao wa kuchomea hapo nje kwenye nyasi joto lake linapanda na kushuka, itabidi tanuru. Arusha kuna mwanasayansi wetu Dkt. Askwar Hilonga alibuni filta akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika ya kule Uingereza 2015, kwahiyo utaalamu wa filta upo hapa hapa nchini, mtu aanze kwa kuuliza huko.

Na wale wa Chunya mnaosoma kimya kimya, maji ya mto uliopita kwenye machimbo yenye zebaki msiyatie kwenye njia yoyote iliyotajwa humu mkadhani yamepona. Kuchemsha kunapunguza maji, zebaki inabaki. Tafuteni chanzo kingine, hata maji ya mvua ya bati.

#11 Mama Wawili

Mi ni mtumiaji tu, nina filta ya fundi mwingine sio wa huku, niko Rungwe. Mwezi wa tano ilianza kutoa maji kidogo kidogo kama machozi. Mume wangu akaona bomba ndo tatizo akafunga koki pale mwisho wa bomba ili tuwe tunafungua tukitaka. Tokea hapo maji yana harufu ya tope la kinamasi. Nifanyeje? Nimeacha kuitumia wiki sasa.

#12 Fundi wa Umalila (mleta uzi)

Dada yangu pole. Toa hiyo koki leo hii, na mpira usiunganishe pia. Ukifunga koki maji yanasimama marefu juu ya mchanga, ule utando unakosa hewa unaoza, ndo harufu hiyo. Ukiunganisha mpira mrefu unaoning'inia nao unanyonya maji yote mchanga unakauka. Mdomo wa bomba uache wazi kama ulivyo, ila usafishe kwa kitambaa chenye dawa maana mikono ya watoto inaushika.

Kutoa maji kidogo ni kawaida, mchanga wa juu umejaa tope. Toa ile sahani yenye vitundu inayokaa juu ya mchanga kupokea maji unayomimina. Ongeza maji kama ndoo ya lita nne. Weka kiganja chako juu ya mchanga, kizungushe taratibu, usichimbe, vidole visizame, maji yatageuka ya tope. Yachote kwa kikombe uyamwage. Rudia mpaka kasi irudi, kwa kawaida mara mbili tatu. Alafu sawazisha mchanga, rudisha sahani. Osha mikono kwa sabuni. Kwa sababu imekaa wiki, ihesabu kama mpya, kila siku imwagie maji ya chanzo kile kile, usibadilishe leo mto kesho bomba, na kwa mwezi mzima weka dawa chini. Kati ya ndoo na ndoo ipumzishe angalau saa moja, na isikae zaidi ya siku mbili bila maji. Mkisafiri muombe jirani.

#13 Baridi Kali

Mkuu nimekuja na mrejesho. Kalibu tumetengenezewa Njombe. Saruji imekauka, kokoto tumeosha. Mchanga nimetumia vumbi la kokoto la pale wanapovunja mawe. Nioshe mpaka wapi? Nimeosha mara kumi maji bado hayajawa meupe.

#14 Fundi wa Umalila (mleta uzi)

Usioshe mpaka yawe meupe kabisa, ukizidisha unaondoa ule ulaini na itaenda kasi. Chukua chupa angavu, mchanga nusu, maji nusu, zungusha, iweke chini, hesabu mpaka nne. Uso wa mchanga uonekane kwa shida kama unatazama kwenye ukungu mwepesi wa asubuhi. Ukiuona wazi kabisa umezidisha, usipouona endelea kuosha. Ukishajaza filta pima lita moja kwa saa ya simu, tanki la juu likiwa limejaa pomoni.

#15 Baridi Kali

Nimejaza leo saa nane. Dakika 1 na sekunde 50. Wife ndo alishika simu, tumepima mara tatu. Natoa mchanga kesho asubuhi, kuna wavu mwembamba nimeahidiwa na fundi wa chekecheke, nikipata dakika mbili na nusu narudi hapa.